Lami Chakavu Huharibikia Uwanjani Kabla Haijafika Mtamboni

Tabaka la lami likikwanguliwa barabarani, roli linaondoka na mali mbili: kokoto, ambazo ni takriban asilimia 95 ya mzigo, na bitumini, ile gundi nyeusi inayozishika kokoto, ambayo kwa kawaida ni asilimia 4 hadi 6. Kokoto hazijachakaa. Bitumini imekauka na kuwa ngumu kwa kukaa miaka mingi juani na hewani, lakini bado inanata na bado ina kazi. Kuitupa mali hiyo, yaani lami chakavu, badala ya kuichanganya kwenye lami mpya ni hasara isiyo na sababu. Hata hivyo wahandisi wengi wanaiogopa, kwa kuwa waliwahi kuona barabara iliyowekewa lami chakavu ikipasuka mapema au mchanganyiko ukitoka mtamboni leo mkavu, kesho unang'aa kwa bitumini. Mara nyingi lawama hupelekwa kwenye asilimia ya lami chakavu iliyotumika. Mimi naamini rundo lake kwenye uwanja wa mtambo ndilo la kuangaliwa kwanza.

Tuanze na kinachoingia uwanjani. Mzigo uliotokana na kukwangua tabaka la juu peke yake ni tofauti kabisa na mabamba yaliyong'olewa kwa kijiko cha mashine ya kuchimbia pamoja na udongo, vipande vya zege na mizizi. Mizigo hiyo isikutane. Mashine ya kukwangua, hasa ikienda polepole na meno yaliyochoka, huvunja kokoto na kuzalisha vumbi laini, yaani chembe zinazopita chekecheo la milimita 0.075. Mabamba yana vumbi kidogo, lakini lazima yasagwe, na hatari yake ni uchafu. Weka rundo la kila aina, lenye kibao kinachosema limetoka barabara gani na tabaka gani. Mabaki ya mtambo wenyewe, yaani mchanganyiko uliokataliwa au uliobaki siku ya kazi, yawe na rundo lake pia: bitumini yake ni changa na kiwango chake kinajulikana.

Kuna mzigo mmoja usiopaswa kuingia kabisa kwenye mchanganyiko wa moto: ule wenye lami ya makaa ya mawe, iliyotumika katika barabara za zamani za nchi kadhaa. Ikipashwa moto hutoa kemikali zinazosababisha saratani. Barabara ikiwa ya zamani na historia yake haijulikani, kata sampuli, ivunje, kisha pulizia rangi nyeupe yenye kiyeyusho kwenye sehemu iliyovunjika. Rangi ikigeuka manjano au kahawia, simamisha kila kitu na upeleke sampuli maabara. Afya ya wanaosimama nyuma ya mashine ya kutandaza haina mjadala.

Sasa kusaga. Kosa linalorudiwa kila mahali ni kupitisha rundo zima kwenye mashine ya kusagia. Chembe ambazo tayari ni ndogo zinasagwa tena, vumbi linaongezeka bure. Chekecha kwanza, halafu saga yale tu yaliyobaki juu ya chekecheo. Baada ya hapo tenganisha mafungu mawili, kwa mfano chini ya milimita 5 na juu yake. Fungu laini lina bitumini nyingi zaidi, na si ajabu kulikuta na asilimia 6 wakati fungu la kokoto kubwa lina 4. Ukiyaacha pamoja, kokoto kubwa zitaporomoka kwenye kingo za rundo, laini zitabaki katikati, na kila kijiko kitakachochotwa kitakuwa na kiwango chake cha bitumini. Wasimamizi wengi wanaokwama kwenye asilimia 15 ya lami chakavu wangevuka bila shida kwa kutenganisha mafungu haya tu.

Vumbi ndilo linalobana kabla ya bitumini. Chukua lami chakavu yenye asilimia 10 ya vumbi laini. Ukitumia asilimia 25 yake, umeshaingiza pointi 2.5 za vumbi kabla hujaweka mchanga mpya, na michanganyiko mingi inahitaji 5 au 6 tu kwa jumla. Nafasi kati ya kokoto inajaa, bitumini inakosa pa kukaa, na mchanganyiko unakuwa mgumu na mwepesi kupasuka. Dawa yake ni kupunguza mchanga wa kusagwa kwenye sehemu mpya, au kutumia zaidi fungu la kokoto kubwa la lami chakavu.

Kupima kusiwe kwa kuchota kijiko kimoja mbele ya rundo. Chukua sampuli zisizopungua kumi kwa kila rundo, zitoke sehemu mbalimbali, na baadaye moja kwa kila tani 1,000 zinazoongezwa. Kila sampuli ipimwe kiwango cha bitumini, kwa tanuri ya kuchomea au kwa kiyeyusho, na mgawanyo wa ukubwa wa kokoto. Usitazame wastani peke yake. Mkengeuko sanifu wa bitumini, yaani kipimo cha jinsi sampuli zinavyopishana na wastani, ukizidi asilimia 0.5, rundo hilo halijawa tayari: lichanganye upya kwa kijiko, lichekeche, kisha upime tena. Maabara nayo ina mtego wake. Lami chakavu ikiachwa ovenini usiku kucha kwa joto kali, bitumini yake inazidi kuzeeka na vipimo vyote vinadanganya. Ikaushe kwa feni, na unapoiandaa kwa kuchanganya, ipashe nyuzi 110 za Selsiasi kwa muda usiozidi saa mbili.

Hesabu ya bitumini ni rahisi, na inafaa kila msimamizi aijue bila kikokotoo. Tani moja ya mchanganyiko inahitaji bitumini asilimia 5.2, yaani kilo 52. Lami chakavu ni asilimia 25, yaani kilo 250, na ndani yake kuna bitumini asilimia 4.8, yaani kilo 12. Mpya ya kuongeza ni kilo 40. Kilo 12 kati ya 52 ni asilimia 23, na hiyo ndiyo namba ya kufuatilia kuliko ile 25, maana ugumu wa mwisho unategemea sehemu ya bitumini kongwe ndani ya bitumini yote.

Ugumu wenyewe hukadiriwa kwa logi (logariti) za penetresheni, yaani kina ambacho sindano ya maabara inazama ndani ya bitumini: namba ikiwa kubwa, bitumini ni laini. Tuseme bitumini kongwe ina penetresheni 20 na unataka mchanganyiko uwe 65. Kwa sehemu ya asilimia 23: logi ya 65 ni 1.813, toa 0.23 mara 1.301, gawa kwa 0.77. Unapata 1.966, yaani penetresheni ya takriban 92. Kwa hiyo bitumini mpya iwe ya gredi 80/100, yaani yenye penetresheni kati ya 80 na 100, na ukiweka 60/70 kwa mazoea utapata mchanganyiko mgumu kuliko ulivyokusudia. Sehemu ya kongwe ikipanda hadi asilimia 40, hesabu ileile inadai bitumini mpya ya penetresheni 143 hivi. Hapo unahitaji gredi laini sana, au mafuta ya kurejesha ulaini. Mafuta hayo hupimwa kwa uzito wa bitumini kongwe, si kwa uzito wa mchanganyiko, na kiwango chake huamuliwa kwa majaribio ya maabara. Yakizidi, matairi yatachimba mifereji barabarani. Kumbuka pia kwamba hesabu hii inachukulia bitumini kongwe yote imeyeyuka na kuchanganyika na mpya. Joto likiwa dogo au muda wa kuchanganya mfupi, sehemu yake inabaki imeganda juu ya kokoto, na mchanganyiko unatoka mkavu ingawa mahesabu yako karatasini ni sahihi.

Nimefika kwenye maji, na hapa ndipo ningependa kila mwenye mtambo asimame.

Katika mtambo wa kupima kwa mafungu, yaani unaochanganya mkupuo mmoja baada ya mwingine, lami chakavu haipiti motoni. Inapashwa na kokoto mpya zilizozidishiwa joto. Chukua asilimia 20 ya lami chakavu yenye unyevu asilimia 5, ikiwa na nyuzi 20, na unataka mchanganyiko utoke kwa nyuzi 150. Katika tani moja kuna kilo 200 za lami chakavu na kilo 10 za maji. Kuzipandisha zile kilo 200 hadi nyuzi 150 kunahitaji takriban megajuli 24. Kuyachemsha na kuyageuza mvuke yale maji kilo 10 kunahitaji takriban megajuli 27. Maji kidogo hivyo yanakula joto kuliko lami yote! Kokoto mpya lazima zifike karibu nyuzi 220, bila kuhesabu joto linalopotea. Unyevu ukishuka hadi asilimia 2, nyuzi 197 zinatosha. Lakini ukipandisha lami chakavu hadi asilimia 40 na unyevu ukabaki 5, kokoto zinatakiwa zivuke nyuzi 330, na hilo halifanyiki kwenye mtambo wa kawaida. Hewa inayotoka kwenye pipa la kukaushia inapanda joto pamoja na kokoto, na mifuko mingi ya kuchujia vumbi huanza kuharibika ikivuka takriban nyuzi 200. Na maji yenyewe yakigeuka ghafla ndani ya kichanganyio, kilo 10 zinatoa mita za ujazo 17 hivi za mvuke kwa sekunde chache. Pasipo njia pana ya kuutoa, mvuke unasukuma vumbi kila upenyo na mizani inayumba.

Ndiyo maana paa juu ya rundo la lami chakavu ni uwekezaji ninaoutetea kuliko kifaa kingine chochote. Liwe na kuta wazi, hewa ipite. Turubai lililolalia juu ya rundo halifai, maana linafungia unyevu ndani. Sakafu iwe ngumu na yenye mteremko, maji yaende upande usiochotwa. Kama paa halipo, jenga rundo refu lenye umbo la koni: uso wake huganda sentimita 20 hadi 30 na kumwaga maji, wakati rundo pana lililo bapa linayanywa. Mashine isipande juu yake hata mara moja, kwa sababu uzito unaligandisha na utalazimika kulisaga upya.

Kwenye hopa, yaani chombo kinacholisha lami chakavu mtamboni, kuta ziwe na mwinuko mkali na mdomo mpana. Usifunge kitikisio; kinaishindilia lami chakavu badala ya kuiteremsha. Usiiache hopani usiku, hasa wakati wa joto. Weka wavu wa kuzuia mabonge kabla ya mkanda wa mizani. Sahihisha uzito kwa unyevu uliopimwa siku hiyo: ukitaka kilo 250 kavu na unyevu ni asilimia 5 ya uzito mkavu, pima kilo 262.5. Ukisahau, kilo 12 za lami chakavu na zaidi ya nusu kilo ya bitumini hazipo katika kila tani.

Mtambo wa pipa linaloendelea kuzunguka unapokea asilimia kubwa zaidi, ilimradi lami chakavu iingie nyuma ya moto na si mbele yake. Moshi wa buluu kwenye bomba ni dalili kwamba bitumini inaungua, na ikionekana, punguza lami chakavu au sogeza mahali pa kuingilia kabla ya kugusa kitu kingine.

Barabarani, mchanganyiko huu unakuwa mgumu mapema kidogo kuliko wa bitumini mpya tupu. Rola la kwanza lifuate mashine ya kutandaza kwa karibu, na maungio ya vipande vilivyotandazwa yashindiliwe yangali moto. Lenga msongamano wa asilimia 92 hadi 96 ya ule wa juu kabisa wa kinadharia, yaani wa mchanganyiko usio na hewa ndani, na pima kwa sampuli zilizokatwa, hasa karibu na maungio, kwani huko ndiko nyufa za michanganyiko migumu huanzia.

Rundo lililoshindikana kusawazishwa lina kazi nyingine. Lisindikwe baridi kwa bitumini ya povu, yaani bitumini moto iliyofurishwa kwa maji kidogo, takriban asilimia 2 hadi 2.5 pamoja na saruji isiyozidi asilimia 1, liwe tabaka la msingi chini ya lami mpya. Tabaka hilo linavumilia tofauti za bitumini kongwe, halihitaji kukaushwa, na kokoto zake zinaendelea kubeba magari.