Siku moja maishani mwangu: kutoa globu na kufunga LED kwenye tela, Mtwara

Saa 1:30 asubuhi

Tela la mita 12 limeshuka kutoka Newala na kesho linarudi kupakia korosho. Kazi ya leo ni kutoa taa zote za pembeni za globu na kufunga za LED: tano za ubavuni kila upande, mbili mbele, mbili juu nyuma. Jumla 14.

Bisibisi bado iko kwenye boksi. Kwanza plagi ya tela ichomekwe kwenye kichwa (gari linalovuta tela), swichi ya taa izimwe, dereva akanyage breki huku utingo anazunguka. Taa za ubavuni zikionyesha mwanga hafifu wakati breki imekanyagwa, ethi ya tela (waya wa kurudisha umeme kwenye betri) imekufa au inakaribia. Umeme wa breki ukikosa njia ya kurudi kwenye betri, unapita kinyumenyume kwenye globu nyingine kuitafuta. Jaribio hili lifanyike kabla ya kutoa globu, maana LED ni diodi na hairuhusu umeme upite kinyume. Ukishazifunga dalili hiyo inapotea, ugonjwa unabaki, na mteja anarudi baada ya wiki mbili akisema taa zako ni feki.

Tela hili linawaka hafifu. Basi asubuhi yote ni ya ethi.

Saa 2:15

Plagi ya pini saba. Pini namba 1 ni ethi, 2 ni paking (taa ndogo za usiku) kushoto, 3 indiketa kushoto, 4 breki, 5 indiketa kulia, 6 paking kulia. Hii ya leo, pini ya 1 ina unga wa kijani. Ganda la waya limevuliwa sentimita mbili na shaba ndani ni nyeusi kama masizi. Shaba nyeusi haishiki lehemu wala haibanwi ikatulia. Unakata nyuma kidogo kidogo mpaka uone shaba inayong'aa. Leo tumekata karibu sentimita 20 ndipo ikaonekana. Huku pwani chumvi hupanda ndani ya waya kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi, kwa hiyo usiridhike na mkato wa kwanza.

Ndiyo sababu hatutoboi waya kwa ncha ya testa. Kila tundu ni mlango wa maji ya chumvi. Pima kwenye plagi au kwenye holda, pale globu inapokaa.

Saa 3:30

Sehemu ethi inapofungwa kwenye chasi tunaisugua kwa msasa hadi chuma cheupe, tunaweka kishikio kipya, boliti, washa yenye meno, tunakaza, halafu grisi juu. Grisi ije mwisho, baada ya kukaza, isiwe katikati ya chuma na chuma. Zaidi ya hapo tunavuta waya wa ethi hadi kwenye kila taa. Kutegemea bodi ya tela irudishe umeme ni kutegemea ribiti na rangi.

Kipimo: washa taa zote, mita kwenye volti, ncha moja hasi ya taa ya mwisho nyuma, nyingine hasi ya betri. Ikizidi volti 0.2, rudi ukatafute. Asubuhi ilisoma 2.6. Sasa 0.1.

Saa 4:40

Sasa globu zinatoka. Dereva anauliza, "Fundi, si uweke globu ya LED humo humo kwenye holda ya zamani, tumalize?"

"Holda yenyewe imeliwa, kaka. Tazama."

Ukifungua kava unaona mstari wa maji nusu ya kioo, na vishikio vya globu vimekonda vikawa kijani. LED ukiiweka humo itachezacheza barabarani, na inapokosa mguso inawaka na kuzima mfululizo hadi inakufa. Pili, kioo hicho kilitengenezwa kwa ajili ya waya wa globu unaotoa mwanga pande zote. LED inamulika upande mmoja, hivyo taa inaonekana nukta tu. Tunafunga taa nzima iliyozibwa kiwandani, yenye waya wake, iliyoandikwa IP67 au zaidi (kipimo cha kuzuia vumbi na maji), na yenye herufi E ndani ya duara kwenye kioo, alama ya kuidhinishwa. Asiyetaka na akang'ang'ania globu, basi angalau rangi ilingane na kioo: LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu inatoa waridi lililopauka.

Saa 5:30

Dukani kwa spea soma volti kabla ya kulipa. Lori ni volti 24, na injini ikichaji inafika 28 na kidogo. Taa iliyoandikwa 12V pekee itawaka vizuri dakika chache, kisha kwaheri. Chukua ya 10–30V. Wapo wanaounganisha mbili za 12V mfululizo ili zigawane. Hazigawani sawa, na ikifa moja zinazima zote mbili. Wapo pia wanaovuta volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Betri hiyo inakufa mapema na kuiua mwenzake.

Rangi hazina mjadala: mbele nyeupe, ubavuni rangi ya machungwa, nyuma nyekundu. Anayekuja usiku upande wa Mingoyo akiona nyekundu anajua ni mkia wa gari. Ukimwekea nyekundu mbele umemdanganya kuhusu uelekeo wako. Za bluu na kijani za mapambo hatufungi.

Ripoti ya saa saba ni fupi: wali, samaki, kivuli.

Saa 8 mchana

Nafasi kati ya taa na taa isizidi mita 3, ya kwanza isiwe mbali zaidi ya mita 3 kutoka mbele, ya mwisho isizidi mita 1 kutoka nyuma. Ndivyo kanuni za Umoja wa Mataifa zinavyotaka, na kwa macho pia ndiyo inayoonyesha urefu wa tela. Matundu mapya yanapakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya taa kukaa. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, zipakwe grisi zinapoingia kwenye alumini. Taa yenye kitundu cha kutolea maji, kitundu kitazame chini. Nyingi zinazojaa maji zilifungwa kichwa chini.

Kuunga: lehemu, kisha mpira wa kubana kwa joto wenye gundi ndani, ubanwe mpaka gundi itokeze kidogo pande zote mbili. Solotepu peke yake kwenye joto la Mtwara inalainika na kufunguka. Silikoni ya kuzibia ikinuka siki, iache. Asidi yake inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo.

Rezista hatuweki. Rezista ni kwa indiketa zinazopepesa haraka baada ya kubadilishwa, na hapa indiketa hazijaguswa. Kichwa kipya chenye kompyuta ya kukagua globu ni habari nyingine: kinaweza kulalamika, au kuzifanya LED zipepese kidogo swichi ikiwa imezimwa.

Saa 11 jioni

Mita kwenye ampea. Globu 14 za wati 5 zilikuwa wati 70, karibu ampea 3. Hizi za wati 1 zinatakiwa karibu ampea 0.6. Leo imesoma 0.58. Ikisoma pungufu sana, kuna taa haijaunganishwa. Ikisoma zaidi, kuna waya unavuja kwenye chasi. Fyuzi inabaki ile ile, kwani inalinda waya.

Halafu lile jaribio la asubuhi tena: taa zimezimwa, breki imekanyagwa. LED ikitoa mwanga kidogo sasa, chumvi imeunganisha pini ndani ya plagi. LED inahitaji umeme mdogo sana kuonekana, kwa hiyo uvujaji ambao globu ilikuwa inaumeza sasa unaonekana. Safisha plagi, kausha, pima tena. Hapa giza ni tupu, sawa.

Saa 12:20

Maelekezo kwa dereva. Tela lisioshwe kwa mashine ya presha hadi kesho kutwa, silikoni ikauke hadi ndani. Plagi ikichomolewa, ifunikwe. Na mtu yeyote akitaka kuchomelea chasi, plagi ichomolewe kwanza na ethi ya mashine ibanwe karibu kabisa na anapochomelea, la sivyo umeme wake utapita kwenye taa na zote 14 zitakwenda kwa mkupuo mmoja.