Maji yanayomwagwa na meli

Leo nikiwa kwenye feri ya Likoni, meli kubwa ikapita kuingia bandari ya Kilindini hapa Mombasa, nami nikawaza yaliyo tumboni mwake. Wengi tunaona makontena tu. Meli yenye shehena kidogo hujaza maji ya bahari kwenye matangi yake ili isiyumbe, kisha huyamwaga bandarini inapopakia. Ndani ya maji hayo mna mwani, kaa na kome wachanga, hata vimelea vya kipindupindu. Wengine huja wamegandamana na ubavu wa meli.

Bahari Nyeusi iliumia vibaya. Miaka ya 1980 kiumbe laini mfano wa yavuyavu, asili yake Amerika, aliletwa na maji hayo. Akala mayai ya samaki na chakula cha dagaa, wavuvi wakalia. Nawafikiria wavuvi wetu wa Mtongwe na Tudor, roho inaniuma. (Kunguru, nao wageni waliotoka Bara Hindi, tunajua walivyotushinda.)

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti maji haya unatumika tangu Septemba 2017, na Kenya imo. Basi meli zikaguliwe kwa dhati! Nanyi wavuvi, mkinasa kaa au kome msiyemjua, mpigeni picha muwapelekee BMU yenu, kikundi cha usimamizi wa ufuo.