Siku Yangu na Bakteria wa Mnyauko, Mikocheni

Saa 12 na nusu asubuhi nagombania daladala Tegeta. Saa 2 nimeshavaa koti jeupe, maabara ya magonjwa ya mimea.

Saa 3, mama mmoja kaleta mche wa nyanya kutoka Kigamboni. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Huu mchana unalala, usiku unaamka, baadaye unakufa kabisa."

Nikakata shina na kulining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zikaanza kushuka taratibu kutoka pale pa mkato. Hao ndio bakteria wa mnyauko wenyewe, Ralstonia solanacearum, makundi kwa makundi.

"Nimepiga dawa zote za dukani!"

"Haziwafikii, mama. Wako ndani ya mishipa ya maji." Nikamshauri shambani hapo apande mahindi, aache nyanya, biringanya, pilipili na viazi mviringo. Hakufurahi, maana nyanya ndizo zinazolipa ada.

Saa 5 ndipo kazi yangu hasa inapoanza. Mmea ukivamiwa hutoa hidrojeni peroksaidi, ileile ya kusafishia vidonda. Bakteria anajibu kwa mfumo wa kutoa protini wa aina ya tatu: sindano inayodunga protini ndani ya seli na kuzima kinga. Haribu jeni za hrp, zinazojenga sindano hiyo, nyanya haiugui.

Mimi lakini nimenasa kwa mfumo wa aina ya sita, mkuki uliopewa jina hilo mwaka 2006 katika utafiti wa bakteria wa kipindupindu. Wengi waliuona kama silaha tu. Mwaka 2015 ikaonekana Yersinia pseudotuberculosis (huyu si wa mimea) anautumia kutoa protini inayomletea zinki akibanwa na sumu za oksijeni. Naye Xanthomonas citri, wa michungwa na milimao, unamkinga asiliwe na amiba. Kwangu hiki ni kifaa cha kujiokoa kama kilivyo cha kupigana.

Basi nina Ralstonia wazima na wengine waliokatwa jeni ya tssB, moja ya zinazojenga mkuki huo. Wote wanapata peroksaidi kipimo kimoja, kisha nawasambaza kwenye sahani, nyuzi 28. Umeme ukakatika katikati. Jenereta ikaokoa jahazi. Koloni, yaani vikundi vya bakteria waliozaliana, nyeupe zenye kitovu cha waridi, nitazihesabu kesho kutwa.

Saa 9, wali maharage kwa mama ntilie.

Saa 11 taka zote zinaingia otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, nyuzi 121. Simu ikaita: yule mama, anauliza kuhusu jembe. Nikamwambia alioshe kwa jiki, na viatu pia, kabla hajaingia tuta jingine.