Fungu la nyanya la elfu moja: siku yangu moja ya kukusanya bei Mwanza

Watu wakisikia nafanya kazi ya takwimu, ya kukusanya bei za kupimia mfumuko wa bei, wanadhani nakaa kwenye kiyoyozi. Kiyoyozi changu ni upepo wa ziwani, na unanuka dagaa.

Saa 12:30 asubuhi niko Mwaloni, soko la samaki na dagaa la Kirumba. Huku sihitaji kujitambulisha, wameshanizoea. Dagaa wamepanda, na sababu iko juu angani: mwezi ni mpevu. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Giza likirudi, bei itashuka yenyewe. Ndiyo maana soko halipimwi kwa siku moja ukaondoka. Aliyenunua dagaa leo na atakayenunua baada ya wiki mbili wanaweza kubishana mpaka kushikana mashati, na wote wakawa wakweli.

Saa 2 mpaka saa 4 sina cha kusimulia. Sukari, unga, mafuta ya kula, kiberiti, kunyoa nywele, kushona sare. Duka lilelile, kipimo kilekile, swali lilelile. Bei ambayo haijabadilika nayo inaandikwa.

Saa 4:10, nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja tena, mtu wa bei. Fungu elfu moja. Andika uende."

Mwezi uliopita nilimwandikia elfu moja pia. Ningekuwa mvivu ningebonyeza kishikwambi na kuhamia kwenye vitunguu. Lakini fungu si kilo. Fungu ni mkono wa muuzaji, na mkono unabadilika kulingana na tenga limefika kwa shilingi ngapi. Nikatoa mizani yangu ndogo.

Hapo ndipo saa yangu nzima ilipoishia. Jirani yake wa bamia akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Huyo wa kodi huyo, usimwamini." Mteja aliyekuwa anachagua hoho akarudisha moja mezani, akaondoka. Mama akanigeukia kama mimi ndiye niliyemfukuza. Nikatoa kitambulisho. Akakisoma mbele, akakigeuza, akasoma nyuma ambako hakuna kitu. Nikamweleza kwamba Sheria ya Takwimu, Sura 351, inanikataza kutoa taarifa zake kwa mtu yeyote, iwe kodi, iwe mgambo. Akaniuliza kama sheria hiyo inajua mvua imeharibu barabara ya huko nyanya zinakotoka. Nikanyamaza. Akahudumia wateja watatu huku mimi nimesimama juani na mizani mkononi kama mtu aliyekuja kuuza mizani.

Mwishowe akasema, "Ukitaka kupima, nunua kwanza." Haki yake. Nikatoa elfu moja, akanimiminia fungu kwenye mfuko. Gramu 610. Mwezi uliopita, meza hiyohiyo, gramu 780.

"Kwa hiyo kilo imepanda kutoka kama 1,280 hadi kama 1,640," nikamwambia. Karibu asilimia 28.

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Mwanangu, mimi sijapandisha bei. Nimepunguza tu."

Nasema hivi kwa wanaodhani tunapika namba ofisini: mtu mmoja anasimama juani saa nzima kwa ajili ya gramu 170. Halafu anahamia meza ya pili na ya tatu, kwa sababu meza moja haisemi kwa niaba ya soko.

Mchana nikaenda duka la vyombo vya umeme. Friji tunayoifuatilia haipo tena, imekuja nyingine yenye mlango tofauti na bei ya juu. Siwezi kuandika tu kwamba friji imepanda. Lazima niandike ujazo, idadi ya milango, imetengenezwa wapi, ili walioko ofisini watenganishe bei iliyopanda na friji iliyokuwa bora. Muuza duka alitaka kuniuzia. Nimechoka kuwaambia wauzaji kwamba sina hela ya friji.

Kwenye daladala ya kurudi, sijui saa ngapi, jua lilikuwa limeshapita Bugando, kaka mmoja akaona kitambulisho shingoni. "Nyinyi ndio mnaosema mfumuko wa bei ni asilimia tatu? Mnanunua wapi nyinyi?" Abiria wakaitikia kwa kicheko. Nauli ya daladala, kwa bahati mbaya yangu, ilikuwa ileile ya mwezi uliopita, maana inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini; haitembei, ila siku ikitembea inaruka.

Nikajaribu kumweleza. Mchele ukitoka 2,000 ukafika 3,000, mwaka huo mfumuko wa mchele ni asilimia 50. Ukikaa hapohapo 3,000 mwaka mzima unaofuata, mfumuko ni sifuri. Mfuko wako bado unatoa 3,000. Tunaposema mfumuko umeshuka tunasema bei zinapanda polepole, hatusemi zimerudi. Desemba 2011 ulikuwa asilimia 19.8, aliyekuwa na familia wakati ule anajua tofauti.

Akasikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu la kumfurahisha: "Chakula mnakipa uzito gani?" Nikamwambia ukweli. Kwenye kapu tunalotumia sasa, yaani orodha ya bidhaa na huduma tunazofuatilia bei zake, la mwaka wa kizio 2020 (mwaka tunaolinganishia bei), chakula na vinywaji baridi ni 28.2 katika 100. Kapu lililotangulia kilikuwa 38.5. "Kwangu chakula ni zaidi ya nusu ya mshahara," akasema. Basi kapu si lako, kaka, ni la wastani wa nchi nzima, yupo mwenye gari humo ndani na yupo mwenye baiskeli. Hakuridhika. Mimi pia, nikiwa sokoni na pochi yangu mwenyewe, huwa siridhiki.

Nyumbani giza limeingia. Miguu imevimba. Mtandao unakatika, nimetuma nyanya mara tatu zikarudi. Ya nne kishikwambi kikauliza sababu ya mabadiliko makubwa. Nikaandika: bei ya fungu haijabadilika, uzito umepungua. Kikakubali.

Nikazimwaga nyanya kwenye sinia ili nikaange mchicha. Ya chini kabisa, ile aliyoitanguliza kwenye mfuko, imeoza nusu. Nikaipima peke yake, gramu 90. Nikakirudia kishikwambi, nikapekua kurasa zote. Hakuna sehemu ya nyanya mbovu.