Spana Namba 10

Jana binti yangu alikuwa anakaza kiti cha baiskeli. Akapekua droo, akatoka na spana namba 10. "Baba, mbona hii umeiweka pamoja na vyeti?" Sikumjibu.

Mnaojua ninavyotembea mnajua habari za ule mguu. Muundi uliunga vibaya, mguu ukabaki mfupi kwa sentimita 4, nikafungwa vyuma vya Ilizarov: pete kuzunguka mguu, nyaya nyembamba zimepenya mfupa upande huu hadi ule, na vyuma virefu vyenye nati. Daktari aliukata mfupa, tukasubiri wiki, kisha akampa Baba spana. Robo mzunguko wa nati mara 4 kwa siku, vipande vya mfupa viachane jumla milimita 1. Ukiharakisha, mfupa mpya hauwahi kujaza pengo. Ukichelewa, unaunga kabla ya wakati.

Baba alikuwa akipiga magoti mbele ya kitanda, miwani imemshuka puani, midomo ikihesabu nati bila sauti. "Tayari?" Tayari. Halafu unakuja ule mvuto, kama kuna mtu ndani ya mguu anatandika kitanda na kuvuta shuka. Asubuhi moja mvuto haukuja. Nikajua. Mchana haukuja pia. Akaniuliza, "Inauma?" Nikasema, "Kawaida, Baba." Nilikuwa na miaka 14, na mara ya kwanza baada ya siku nyingi nililala usiku kucha. Siku mbili hizo, mara 8, nilimtazama akihesabu kwa uangalifu wote, akigeuza kinyume.

Eksirei ikatuumbua. Baba aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Daktari hakufoka, akavuta kiti, akamsimulia habari za Gavriil Ilizarov wa Kurgan, huko Siberia. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia alizungukwa na majeruhi ambao mifupa yao ilikataa kuunga, akaanza kutengeneza pete na kupitisha spoki za baiskeli mfupani. Alikusudia kubana mifupa, si kuitenganisha. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja aligeuza nati kinyume, na Ilizarov akaona mfupa mpya unaota ndani ya pengo. Wakubwa wa Moscow walimwona fundi vyuma tu, hadi alipomtibu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu wa 1964, aliyevunjika mguu kwa ajali ya pikipiki. Ulaya Magharibi ikaanza kumsikiliza 1981, baada ya mpanda milima Mwitalia, Carlo Mauri, kurudi kwao amepona.

"Kwa hiyo mzee, kugeuza kinyume si aibu," daktari akamalizia.

Mimi nilicheka. Baba hakucheka. Tulipofika nyumbani aliifuta spana kwa shati lake, akaniwekea mkononi. "Mfupa ni wako." Hakuigusa tena, na siku zote zilizobaki niligeuza mwenyewe.

Mpaka leo naikumbuka "kawaida" ile kuliko maumivu yenyewe. Nilipata nafasi nyingi za kumwambia. Nyingine tulikuwa wawili tu, redio imezimwa.

"Baba! Nazungushia kulia au kushoto?"

"Kulia."

Akazungusha, ulimi nje, kama mtu anayefanya upasuaji.

"Ukiona haikazi, sema hapo hapo," nikamwambia, kwa ukali uliomfanya ageuke kunitazama.