Kutozwa kodi ya kivuli: upenu wa gari letu na saiti za kemping za Wales

Asalaam aleikum jamaa zangu wa Unguja na Pemba, na nyinyi wa huku Uingereza mnaoamka alfajiri kukimbilia shifti. Nina risiti mkononi na roho bado inanichoma. Ni ya saiti moja ya kemping pwani ya Wales, tulikokwenda na watoto skuli zilipofungwa. Kiwanja cha kuegesha gari, pauni 34 kwa usiku. Umeme haya, nautumia na naulipa. Watoto wamehesabiwa mmoja mmoja. Halafu chini kabisa kuna mstari wa peke yake: upenu, yaani lile turubai la kivuli tunalolifunga ubavuni mwa gari, pauni 6 kila usiku. Jirani yetu alikuja na mbwa wawili wakubwa na mbwa wale hawakulipiwa hata senti, nilimuuliza mwenyewe akanambia mbwa ni bure, sasa mie nalipia kitambaa changu nilichokinunua kwa pesa yangu nikakisimamisha kwa mikono yangu juu ya ardhi ambayo nishailipia tayari!

Pauni 6 hesabuni wenyewe, ni kama elfu ishirini, mtu anaingia nazo Darajani na kapu akatoka nalo zito. Na mnajua kwetu mvua ikikukamata Mji Mkongwe unapanda baraza ya mtu usiyemjua, unasimama chini ya upenu wake mpaka ipite, mwenye nyumba akitoka anakuuliza tu kama unataka maji ya kunywa. Njia zikijaa maji watu wanatembea juu ya mabaraza ya wenyewe kutoka nyumba hadi nyumba na hakuna anaetoa risiti. Nilimwambia yule dada wa mapokezi, kwa adabu, kwamba hiki ni kivuli tu, akanijibu ndio utaratibu. Nikalipa.

Basi kwa kuwa nshalipa na wengi mnaniuliza kuhusu zile picha za gari letu na upenu wake, na mpwa wangu wa Wete kanishika tangu mwezi uliopita nimpelekee upenu kama huu aufunge kwenye Hiace yake ya kubebea wageni, wacha nieleze yote hapa.

Kwanza kwa nini tuna gari la kulala. Si utajiri, yakhe. Familia ya watu sita huku ukitaka hoteli mwezi wa Agosti unaambiwa chukua vyumba viwili, na bei ya Agosti si bei ya Machi, wanajua skuli zimefungwa na wanakusubiri. Tulinunua Transporter kuukuu, kigari cha Volkswagen cha umbo la Hiace, paa lake linanyanyuka, watoto wanalala juu, sisi chini, mama mkwe akija tunahitaji nafasi ya tatu. Nafasi ya tatu ndio upenu. Wewe unaetaka kuja usitizame stetasi za watu wamekaa kwenye viti mbele ya bahari ukadhani maisha ndio hayo, hujaoneshwa bima ya gari, hujaoneshwa kodi ya barabara wala ukaguzi wa kila mwaka, na ukikaa London na dizeli ya zamani isiyofika kiwango cha moshi cha Euro 6 unatozwa pauni 12.50 kila siku unayoliendesha, tangu Agosti 2023 ni London nzima. Gari la bei rahisi lipo kwa sababu hiyo.

Sasa upenu wenyewe. Kuna wa kukunjua, unakaa ndani ya kasha refu lililofungwa juu ya ubavu wa gari, unazungusha mkono wa chuma kitambaa kinatoka na miguu miwili inashuka. Watengenezaji Fiamma wa Italia na Thule wa Sweden ndio utawaona kwenye magari mengi, ile F45 ya Fiamma ya mita 2.6 ndio inayokaa vizuri kwenye Transporter. Dakika mbili kivuli kimepatikana. Lakini ni paa tu, kuta hakuna mpaka ununue mbali, na ukitaka kwenda dukani kutafuta maziwa lazima ukunje kila kitu kwa sababu umeshikana na gari. Bei, ukijumlisha na fundi, nimeona kuanzia kama pauni 700 kwenda juu.

Aina ya pili ni ule unaosimama wenyewe, ni hema kamili lenye kuta na milango, linaungwa na gari kwa kipande cha kitambaa kama ushoroba, asubuhi ukitaka kutoka unachomoa, gari linakwenda, hema na vitu vyenu vinabaki. Tulichagua huu na sababu ya kwanza ilikuwa stara. Mke wangu anataka pahala avue buibui, afunge kanga yake, achane nywele za watoto bila ya kutizamwa na kiwanja kizima. Mama mkwe anataka pahala pa kutia udhu na kutandika msala. Paa la miguu miwili halikupi hayo, na kwenye vitabu vyote vya matangazo nilivyosoma hakuna aliegusia suala hilo, kwa hiyo nawaambia mie: kama unasafiri na wakubwa zako au mabinti, tafuta wenye kuta za mkono wa kuume na kushoto na madirisha yenye pazia la kushusha. Mvua ikinyesha pia mnakaa humo mnakula pamoja, na Wales mvua haisubiri masika.

Kabla hujanunua pima gari lako. Hili watu hawalifanyi wanatizama picha. Upenu unauzwa kwa kimo cha gari, wa chini ni wa magari ya kama mita 1.8 mpaka 2.1, halafu kuna wa kati, halafu wa magari marefu kama Ducato, lile la mizigo la Fiat, ambao unapita mita 2.4. Transporter ni kama mita 2 kwa hiyo ni wa chini. Ukichukua mrefu kitambaa kinalegea pale kwenye maungio, maji yanatuama, usiku yanamwagika mlangoni. Tuliwaona jamaa wa kiwanja cha pili limewatokea, wanasukuma maji kwa fagio saa nane za usiku.

Halafu namna ya kushika. Ubavuni mwa gari kuna reli, mfereji mwembamba wa aluminiamu, na pindo la ule ushoroba lina uzi mnene ndani yake, unauingiza mwisho wa mfereji na kuuvuta taratibu mpaka ufike. Uzi huo mara nyingi ni milimita 4 au 6. Wa 6 hauingii kwenye mfereji wa 4, na wa 4 kwenye mfereji mpana unachopoka upepo ukivuta. Upepo wa huku si wa mchezo. Ili uweze kuchomoa gari asubuhi kuna kikanda cha plastiki chenye mifereji miwili, huku unaingia uzi wa kipande kinachoshika mfereji wa gari, huku uzi wa hema, kinauzwa mbali mara nyingi, kiulizie kabla hujalipa. Wengine wanatumia sumaku au kamba za kupitisha juu ya paa zikafungwa upande wa pili. Sumaku kwa upepo wa pwani sina imani nayo.

Nguzo: za fito au za hewa. Za hewa unapiga pampu dakika chache hema linasimama, mtu mmoja anaweza, ila ni ghali na mzigo wake mzito. Za fito rahisi lakini zinataka watu wawili wanaosikilizana. Kitambaa kikisema milimita 3000 maana yake ni kimo cha maji kinachostahimili kabla ya kupenya, 1500 zinatosha kuitwa haipenyi maji, 3000 ndio nzuri kwa huku. Na asubuhi ukikuta matone ndani usikimbilie kusema linavuja, watu sita wakivuta pumzi usiku kucha ndani ya hema yale ni maji ya pumzi zao, fungua matundu ya hewa.

Upepo sasa, hapa mtoto wa Pemba hafundishwi na mtu. Turubai likijaa upepo ni tanga, na tanga halina huruma. Wales upepo mwingi unatoka baharini, kusini magharibi. Unaegesha gari likawa ndio ukuta na upenu unakaa nyuma ya ukuta huo. Huku tunaendesha kushoto kama nyumbani, mlango wa kusukuma uko kushoto, kwa hiyo pua ya gari ikitizama kusini mashariki mlango unakuwa upande uliokingika. Na kibla ya Uingereza nayo iko upande huo huo wa kusini mashariki! Baba mkwe alipoligundua hilo alifurahi mpaka akampigia simu kaka yake Mkoani. Mama mkwe tangu siku hiyo hatizami simu, anafuata gari, anageuka kidogo kushoto basi. Saiti nyingine wanakuamrisha uegeshe vipi, na nafasi baina ya familia na familia mara nyingi ni mita 6, upenu wako unahesabiwa ndani ya kiwanja chako, uliza ukubwa kabla.

Vigingi vipigwe vikiwa vimelalia nje, kamba ikivuta isiving'oe. Vile vyembamba vinavyokuja ndani ya mfuko viacheni, nunua vya chuma kinene. Ule wa kukunjua ukiona upepo unaanza kupiga, kunja, usingoje. Na mvua ikinyesha shusha mguu mmoja chini kuliko wa pili maji yapate njia.

Sasa nitende haki. Usiku wa upepo mkubwa, kamba yetu ya pembeni ilikatika na kitambaa kinapiga kama kitapasuka, yule yule mzee wa mbwa wawili alitoka na koti lake la mvua na taa ya kichwani, hakuitwa na mtu, kaja na mikanda yake mipana ya dhoruba, akaishika nguzo mie nikafunga, maji yanamtiririka shingoni, na umri wake si mdogo. Alipomaliza akasema usiku mwema akarudi. Asubuhi mke wangu alimpelekea sahani ya mandazi na chai ya tangawizi, alikula mandazi manne kasimama. Watu wa huku mmoja mmoja ni wazuri sana, wallahi. Utaratibu wao ndio unaoumiza, na anaekutoza anaona kabisa kwamba hakuna alichokupa.

Neno moja zito na naomba mlisome mara mbili hasa nyinyi mnaokuja karibuni. Msiingize jiko la makaa ndani ya upenu. Hata likiwa linazimika. Hata mkisikia baridi. Jiko letu la nyumbani liko chini ya makuti, moshi unapita, kitambaa cha hema hakipitishi kitu, makaa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, watu wamelala nayo huku hawakuamka, wenyeji wa huku huku waliozaliwa na kemping. Choma samaki wako nje mbali, jiko liache nje mpaka asubuhi. Na king'ora cha hewa hiyo nunua, ni bei ndogo kuliko usiku mmoja wa saiti.

Mkirudi nyumbani hema likiwa bichi lianikeni siku hiyo hiyo au kesho yake, likikaa kwenye mfuko linaota ukungu na harufu yake haitoki tena. Sisi hatuna ua, tunalitandaza juu ya mlango wa sebuleni na ngazi, watoto wanapita chini yake kwenda kulala.

Na wewe mpwa wangu, nimekusikia. Ila hema la huku sikuletei. Kitambaa hiki ni poliesta nyembamba, kimeshonwa kwa mvua na jua la masaa mawili tu, ukikisimamisha Paje au Vumawimbi kutwa nzima jua litakikausha nguvu na msimu wa kusi utakimalizia. Vigingi vyenyewe kwenye mchanga ule mwepesi havishiki, na ukienda juu kidogo unakuta jiwe la matumbawe halipigiki, tumia viroba vya mchanga ufukie na kamba uifunge humo. Nenda Nungwi au kwa fundi yeyote anaejua kushona matanga, mpe turubai zito la gari la mizigo, mwambie akutie pindo lenye uzi wa milimita 6 upande mmoja na matundu ya shaba pande zilizobaki. Hiace mlango wake uko kushoto kama letu, kwa hiyo hesabu ni ile ile, kasoro upepo wenu unageuka, kusi na kaskazi, uwe tayari kugeuza gari. Pima urefu wa paa kutoka juu ya mlango wa mbele mpaka taa ya nyuma, na kimo kutoka chini, unitumie. Reli ya aluminiamu ndio kitu pekee ntakachokutafutia huku, tutaikata vipande viwili ipate kuingia kwenye begi la atakaekuja kwanza.