Kifuniko cha Kukinga Pampu ya Chupa
Kazi ya kwanza ya kifuniko cha pampu ya chupa ya losheni ni kuhakikisha kwamba kichwa cha pampu, yaani sehemu inayobonyezwa, hakiguswi na kitu chochote hadi mtumiaji mwenyewe atakapotaka. Kichwa hicho kikibonyezwa kidogo tu ndani ya mkoba, pistoni hushuka na kuisukuma losheni nje kupitia mdomo, kisha springi inapokirudisha juu huvutwa losheni nyingine, tayari kumwagika tena. Kwa hiyo ninapobuni kifuniko, mimi huanzia chini: ukingo wa kifuniko lazima ukalie pete iliyofungwa shingoni mwa chupa, ili uzito wa mizigo iliyo juu yake upite kwenye kuta za kifuniko hadi kwenye chupa yenyewe, huku juu ya kichwa ikibaki nafasi ya milimita 2 au 3. Kinachosumbua zaidi ni mdomo unaochomoza pembeni, kwani hulazimisha kifuniko kiwe kipana kuliko inavyopendeza. Hata hivyo, naona ni heri upana huo kuliko kukata tundu la kuupitishia, ambalo huingiza vumbi. Ndani ya ukingo huweka tuta jembamba la kunasia, na plastiki iitwayo polipropilini hulifaa kwa sababu hupinda kidogo bila kupasuka. Kuta nazo zipanuke kuelekea chini kwa takriban digrii 1, la sivyo kifuniko kitang'ang'ania kwenye kalibu, yaani chombo kinachokipa plastiki umbo lake.